Dakika Ishirini Bila Kujibu

"Mathe, huu uji wako hauna sukari."

"Huo si uji, mwalimu. Ni gundi."

Mwalimu Kibii alikuwa ameshapiga mafunda mawili. Akasimama mlangoni pa jikoni akichungulia ndani ya kikombe kama mtu anayetafuta mahali pa kurudisha alichokunywa. Mimi ndiye mpishi, mathe wao; gundi ile ya kubandikia gazeti niliipika mwenyewe asubuhi, unga wa ngano na maji, nikaiacha meza moja na sufuria ya uji. Sikuandika kitu juu yake. Walimu arobaini, nilidhani hata sufuria wataweza kuisoma.

"Sasa itanifanya nini?"

"Itakufunga mdomo mpaka saa nne. Kuna watu nyumbani kwako watashukuru."

Nyuma yake kwenye foleni, sauti ya mwanamke ikasema polepole:

"Mwache amalizie, mathe. Huyo hata akimeza saruji ni sawa tu. Mdomo wake ulifungwa kitambo."

Kibii akageuka. Kikombe kikainama, gundi ikamwagikia kiatu.

"Chepkemei."

"Mwalimu Chepkemei," akasema yule dada. Akachukua chai yake, akaenda kukaa mwisho kabisa wa ukumbi, karibu na dirisha. Kibii naye akaenda kukaa mwisho ule mwingine, karibu na choo.

Ilikuwa Jumatatu ya likizo ya Agosti, katika ukumbi wa kanisa moja hapa mjini Nakuru. Walimu wa darasa la nne hadi la sita walikuwa wameitwa siku tano wafundishwe sanaa kwa mikono yao wenyewe: kufinyanga, kusuka, kutengeneza vikaragosi vya gazeti, na vinyago. Mtaala mpya unataka mtoto afanye kitu, si kukariri tu, na mwalimu ambaye mara ya mwisho kushika udongo alikuwa anachunga ng'ombe atamfundisha nini? Mkufunzi wao aliitwa Nyongesa, mtu mpole mwenye rangi chini ya kucha. Neno lake la kwanza liliwaumiza wote.

"Wekeni kalamu chini. Hapa hatuandiki nukuu. Mikono ichafuke."

Mwalimu bila kalamu ni kama askari bila rungu. Walikaa wakijishikashika mifuko.

Saa nne Chepkemei alikuja jikoni kuosha udongo mikononi, pamoja na rafiki yake Mercyline, anayefundisha Kaptembwo na ndiye aliyemkaribisha kwake wiki hiyo.

"Kwani ndiye huyo?" Mercyline akauliza.

"Ndiye."

"Yule wa gari?"

"Yule wa gari."

Mimi huwa siulizi mambo ya watu. Ila maji yalikuwa yanachelewa kuchemka, nikauliza.

"Gari gani?"

Mercyline ndiye aliyejibu. Chepkemei mwenyewe alikuwa anasugua kucha kwa nguvu, utadhani udongo ndio uliomkosea.

"Mathe, miaka minne iliyopita huyu Kibii alikuwa alete wazee kwao Chepkemei, Elburgon. Koito, ile siku wanakuja kuomba msichana. Kwao walichinja. Mursik, yale maziwa ya mgando ya sherehe, ilikuwa imekaa kwa vibuyu wiki nzima. Shangazi walikuja kutoka Kericho. Saa nne, hakuna. Saa nane, hakuna. Saa kumi na moja jioni ndio meseji inaingia."

"Ilisema nini?"

Chepkemei akajibu bila kugeuka. Aliijua kwa moyo kama sala.

"'Samahani. Gari imeharibika. Nitaeleza.'"

"Na akaeleza?"

"Mpaka leo gari haijatengenezwa," akasema. "Jirani yetu aliwaona, mathe. Walifika mpaka karibu na kwetu. Aliona gari ikigeuza, ikarudi Njoro mbio kuliko ilivyokuja. Gari gani imeharibika inakimbia hivyo?"

"Ukamwuliza?"

"Nilingoja aeleze siku nne. Ya tano nikafunga namba yake."

"Na sasa je?"

"Sasa nina mtu. Anaitwa Kipngetich, ana duka la hadwea Molo. Analeta wazee Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Hii."

Nikahesabu kwa vidole vyangu vya unga. Siku tano. Nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu.

Huyo Kipngetich alipiga simu kesho yake, saa ya chai. Chepkemei aliongea naye pale nyuma ya jikoni kwa sababu ndipo mtandao unashika. Aliiweka simu kwa spika, mikono yote miwili ilikuwa na udongo.

"Chepkemei, nipe namba. Kwenu mtakuwa wangapi?"

"Kama arobaini hivi."

"Arobaini. Sawa. Sisi ni kumi na mbili. Magari matatu. Tunaondoka saa tatu, saa nne kasoro tuko hapo. Kuna kitu kingine?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Kitu ambacho sijaweka kwa mpango."

"Hapana. Uko sawa."

"Sawa. Endelea na hizo vitu zako za udongo."

Nikamwambia, "Huyo mtu hawezi kukuangusha."

"Ndiyo, mathe. Anafika saa ile amesema."

"Na unampenda?"

"Nimekwambia anafika."

Jumatano ikawa siku ya vinyago. Nyongesa alikuja na katoni ya bandeji za plasta, zile hospitalini wanafunga nazo mguu uliovunjika. Unazikata vipande, unaloweka kwenye maji ya vuguvugu, unavipanga usoni pa mwenzako, unaacha matundu ya pua. Dakika ishirini inashika, unaitoa nzima, uso wa mtu uko mkononi mwako. Maji ya vuguvugu yalitoka kwangu, ndiyo maana nilikuwa humo ukumbini na birika. Hakuna aliyeniita, na hakuna aliyenifukuza.

"Kanuni ni tatu," Nyongesa akasema. "Moja: paka mafuta ya mgando uso mzima, na nyusi zaidi. Usipopaka, itang'oka na nyusi. Mbili: aliyelala haongei wala hacheki. Ukicheka, inapasuka. Ukitaka kusema ndiyo, inua kidole kimoja. Hapana, viwili. Ukitaka mwenzako akome au akutolee, kunja ngumi. Tatu: hamchagui rafiki. Kila mtu afanye na yule aliyekaa mbali naye kabisa."

Walimu wakaanza kupimana kwa macho. Wa mbali kabisa na dirisha alikuwa wa choo. Wangekuwa wamekaa karibu kama watu wazima, wasingepata taabu hiyo.

"Mwalimu Nyongesa," Chepkemei akasema, "mimi naweza kufanya na Mercyline."

"Mercyline uko naye kila siku. Uso wake unaujua."

"Hata huyu namjua."

"Basi itakuwa rahisi," Nyongesa akasema, akaenda zake.

Chepkemei akalala juu ya leso, macho kwenye dari. Kibii akapiga magoti. Alimpaka mafuta taratibu, paji, mashavu, nyusi, kwa ncha za vidole, kama anapaka kitu cha kuazima. Akaanza kupanga bandeji. Alipofunika mdomo, akaangalia huku na huku. Mimi nilikuwa nachungulia ndani ya birika langu.

"Chepkemei," akasema kwa sauti ya chini. "Najua huwezi kunijibu. Ndiyo maana nasema sasa."

Vidole viwili vikainuka.

"Hapana nini? Nisiseme?"

Kidole kimoja.

"Nitasema. Ukitaka nikome, kunja ngumi."

Niliuangalia mkono ule kuliko watu wanavyoangalia mpira. Vidole vikajikunja nusu. Vikakaa hivyo nusu. Ngumi haikufika.

"Gari haikuharibika," Kibii akasema.

Kidole kimoja, juu kabisa. Hilo alilijua.

"Tulitoka Subukia saa moja, watu saba. Baba mkubwa alikaa mbele na dereva."

Baba mkubwa huyo ni Mzee Kosgei, kaka wa marehemu baba yake Kibii, ndiye aliyemlea na ndiye anayemwita baba.

"Tukapita Njoro vizuri. Dereva akapita kona ya kwenu bila kuiona, ikabidi ageuze gari. Hapo kwenye ile miti kabla ya kiwanda cha mbao. Sasa akiwa amegeuza, ndege akaanza. Ko-ko-ko-ko. Yule gogota, wa kugonga miti. Baba akasema, 'Zima gari.' Tukazima. Watu wazima saba, na suti zetu, tunasikiliza ndege."

Mkono wa Chepkemei haukusonga.

"Baba akasema, 'Yuko kushoto.' Kwa wazee wetu, gogota akigonga kulia unaenda, akigonga kushoto unarudi. Hata wale wa kanisa waliokuwa nyuma hawakubisha. Akasema, 'Turudi.' Tukarudi."

Akaweka kipande kingine cha bandeji, akakilaza kwa kidole gumba.

"Mimi ni mwalimu wa sayansi, Chepkemei. Ningekuandikia nini? 'Samahani, gogota amekataa'? Afadhali unione mwongo kuliko unione mjinga. Nikaandika gari. Nikasema kesho nitaeleza. Kesho nikaona aibu. Kesho kutwa aibu ikazaa. Nikipiga, namba imefungwa."

Ndipo tumbo la Chepkemei likaanza kutikisika. Kwanza kidogo, kama sufuria kabla ya kuchemka. Halafu mabega. Halafu plasta ikapasuka kutoka mdomo mpaka sikio, mlio wake ukasikika mpaka kwenye dirisha, akaketi, akaibandua yote kwa mikono miwili.

"Ndege?"

"Punguza sauti, tafadhali."

"Kibii. NDEGE?"

Waliolala hawakuona kitu, lakini vichwa kumi na tisa vyeupe viliinuka kama maiti wamesikia habari.

"Miaka minne nilidhani una mke Subukia! Mama alidhani ni mambo ya ukoo. Baba alidhani mmemdharau kwa sababu ni mtu wa kupasua mbao. Shangazi mpaka leo anasema ni yeye alipiga chafya mlangoni. Watu wa nyumba nzima kila mmoja alijilaumu kivyake. Kumbe ndege!"

Nyongesa akaja, akaokota vipande viwili.

"Mwalimu, nilisema msicheke."

"Sikucheka," Chepkemei akasema. Uso wake ulikuwa na mafuta, na plasta, na machozi, na hakuna mtu angejua kilichoanza ni kipi.

Baada ya chai zamu ikageuka. Nilidhani Kibii atatoroka. Hakutoroka, akalala. Chepkemei akampaka mafuta haraka haraka, akaanza kupanga bandeji kwa kofi dogo dogo.

"Sasa ni wewe umelala."

Kidole kimoja.

"Nitakuuliza kitu, na ndege tumwache kando. Pale mlipogeuza gari mpaka kwetu, kwa miguu, ni nusu saa. Si ndiyo?"

Kidole kimoja.

"Ndege aliwakataza wazee. Wewe ungeshuka. Ungekuja kwa miguu na suti yako, useme, 'Chepkemei, wazee wamerudi kwa sababu ya ndege, mimi nimekuja.' Ningecheka mpaka leo. Ningekuoa mimi. Kwa nini hukushuka?"

Mkono wa Kibii ukafunguka, ukafunga, ukafunguka. Swali hilo halina vidole.

"Huna jibu. Sawa. Basi sikiliza hii. Jumamosi kuna mtu analeta wazee kwetu. Mtu mzuri. Hajawahi kuchelewa popote. Nilisema nikwambie mwenyewe, usiambiwe na watu."

Plasta ilikuwa na dakika nane tu, bado laini. Kibii akaishika kwenye kidevu akaing'oa. Na kwa sababu Chepkemei alikuwa amepaka mafuta kwa hasira, upande wa kulia ukaondoka na nusu ya nyusi.

"Wui!" akasema Kibii. Halafu akasema, "Niliogopa! Hilo ndilo jibu. Baba Kosgei ndiye alinilea, sijawahi kumwambia hapana, niliogopa kufungua mlango wa gari. Jumamosi nitakuja."

"Usiniambie utakuja," Chepkemei akasema. "Hilo nilishaambiwa."

Akainuka akaenda kuosha mikono.

Nyongesa, ambaye hapotezi hata kosa, alikichukua kinyago kilichovunjika cha Kibii akakiinua mbele ya wote.

"Hiki hakijakamilika lakini kinatosha kufundishia. Hili ndilo shavu lake la kushoto, linawaangalia. Liko mkono wenu gani?"

"Wa kulia," walimu wakajibu kwa pamoja, kama watoto wao.

"Nakigeuza, muone ndani. Sasa liko mkono gani?"

"Wa kushoto!"

"Shavu limesonga?"

"Hapana!"

"Shavu liko pale pale. Ni mimi nimegeuza. Mtoto akichora kutoka ndani bila kujua hilo, uso wote unakuja kinyume."

Kibii alikuwa amekaa sakafuni, kitambaa juu ya nyusi. Akakishusha.

"Gari ilikuwa imegeuka," akasema.

"Nini?" Nyongesa akauliza.

"Gari! Ilikuwa imegeuka!"

Watu wakamwonea huruma. Walidhani ni plasta imeingia kichwani.

Alhamisi asubuhi Chepkemei alikuja nyuma ya jikoni mapema. Mercyline alikuwa naye. Akapiga simu, tena kwa spika.

"Kipngetich, nisikilize. Usilete wazee Jumamosi."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Ni mimi. Wewe ni mtu mzuri na hujanikosea. Lakini nikikuambia ndiyo nitakuwa nasema kwa sababu unafika kwa wakati. Hiyo si sababu ya kuolewa."

Nikasikia nyuma mtu akiuliza misumari ya inchi nne.

"Kuna mwingine?"

"Kulikuwa na mwingine. Sijui kama yuko. Hata asipokuwepo, jibu langu ni hilo."

"Haya." Akamtajia mteja bei. "Nimeumia, nisikudanganye. Lakini afadhali umesema Alhamisi. Ungesema Jumamosi ningekuwa nimeshaweka mafuta magari matatu."

Alipokata, Mercyline akashika kichwa.

"Dada! Na yule wa ndege asipokuja?"

"Nitakaa Elburgon nifundishe watoto kufinyanga."

"Umemwambia yeye?"

"Simwambii. Aje akijua kuna mwingine, ama asije."

Halafu akampigia mama yake.

"Mama, wale wa Molo hawaji."

"Uuui! Tusipike?"

"Pikeni."

"Nani anakuja?"

"Sijui."

"Chepkemei, unataka nichinje mbuzi wa sijui?"

"Ndiyo, mama."

Mama mtu akavuta pumzi ndefu. "Shangazi zako nitawaambia nini?"

"Waambie wavae tu."

Nikiwa naosha mboga za mchana, naye Kibii akaja mahali pale pale, upande ule mwingine wa ukuta. Mtandao haubagui. Mzee Kosgei ana masikio mazito, kwa hivyo mazungumzo yale yangesikika hata na mtu mwenye adabu.

"Baba! Unakumbuka siku ile ya Elburgon?"

"Ya gogota?"

"Ndiyo! Ulisema alikuwa kushoto!"

"Alikuwa kushoto. Mimi nilimsikia na haya masikio."

"Baba, gari ilikuwa imegeuka! Tulikuwa tumetazama Njoro! Safari ilikuwa ya Elburgon. Ukitazama Elburgon, huyo ndege alikuwa kulia!"

Mzee akafikiri. Nilisikia kabisa akifikiri.

"Lakini kona tulikuwa tumeshaipita," akasema. "Kwa hivyo kurudi nyuma ndio ilikuwa kwenda mbele."

"Na tulipokuwa tunakwenda mbele?"

"Ilikuwa ni kupotea."

"Baba, sisi watu saba hatukujua tunakwenda wapi. Ndege angejuaje?"

Ng'ombe akalia huko Subukia.

"Kijana, wewe siku ile mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa gogota?"

"Nilikuogopa wewe."

Akauliza, "Huyo msichana bado yuko?"

"Kuna mwingine anapeleka wazee Jumamosi. Mimi naenda hata hivyo. Ukija nami, ni heshima. Usipokuja, nitaenda na miguu yangu nifukuzwe peke yangu."

"Unanitisha mimi, Kibii?"

"Nakualika, baba."

"Hm." Nikasikia akimfukuza yule ng'ombe. "Tunaondoka saa ngapi?"

Ijumaa walipanga kazi zao mezani, vyungu vilivyopinda, mikeka midogo, nyuso nyeupe thelathini na nane. Maafisa wakaja wakapiga picha. Wale wawili walipitana mara tatu na hawakusemeshana. Mimi sikumwambia huyu la yule. Hakuna aliyeniuliza, na kitu cha watu hukitoi kama njugu.

Jumamosi tulienda Elburgon mimi na Mercyline. Tuliambiwa twende tusaidie chapati. Saa nne ilipita. Saa tano. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelowesha kila kitu, na ile njia ya kutoka lami ilikuwa uji mtupu. Mzee wa nyumba, baba yake Chepkemei, alikaa kwenye kiti, kofia gotini, haulizi kitu. Shangazi wale waliotoka Kericho walivaa kama walivyoambiwa, na wakakaa wakiangaliana kama watu waliokatiwa tiketi ya mahali hawapajui. Chepkemei alikuwa ndani, amekaa wima kitandani.

"Saa ngapi?" akaniuliza.

"Sita kasoro."

"Sawa."

"Mbona umetulia?"

"Sijatulia, mathe. Nimechoka kusimama kwa dirisha. Nilisimama mwaka ule."

Saa sita na dakika kumi, kaka yake akapiga kelele kwenye lango.

"Wewe!"

Kibii alikuwa na matope mpaka magotini. Suti ya bluu, viatu vimekuwa vya udongo, nyusi moja na nusu.

"Habari ya hapa," akasema.

"Miaka minne!"

"Nimechelewa."

"Na gari? Imeharibika tena?"

"Gari ni nzima. Imekwama hapo chini, wazee wanasukuma. Wamesema ningoje ikwamuke. Nikashuka."

Kaka mtu akamwangalia kutoka viatu mpaka nyusi. Nilidhani atampiga. Akamwuliza, "Wangapi wanasukuma?"

"Sita. Na wote ni wazee."

"Sasa wewe umesimama hapa kwa nini? Vijana! Leteni majembe!"

Kibii akamshika mkono. "Nenda nao, tafadhali. Mimi mlango huu sitoki tena."

Akapita uani, akaenda moja kwa moja mpaka kwa yule mzee mwenye kofia. Hakukaa.

"Mzee, sikuwadharau. Niliogopa wazee wangu, nikamwandikia binti yako uongo. Kosa halikuwa la mtu yeyote wa nyumba hii. Nimekuja kusema hivyo kwanza. Mengine yatasemwa na wazee."

Mzee akaivaa kofia yake, akaivua tena.

"Si kwa sababu ya kazi yangu ya mbao?"

"Hapana, baba. Hata kidogo."

"Mama Chepkemei," mzee akaita. "Mpe huyu maji ya kunawa miguu."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Chepkemei aliyasikia yote. Nilimwona akiinuka, akakaa, akainuka, halafu akaanza kutafuta viatu ambavyo alikuwa amevivaa.

Gari lilikwamuliwa saa saba. Wazee wakaingia wakiwa na matope kama waliozaliwa upya, wakakaa upande mmoja, wa kina Chepkemei wakakaa upande mwingine. Mzee Kosgei mbele, fimbo katikati ya magoti. Wakaongea mambo ya ukoo, wakaulizana nani alizaa nani, mpaka ikafika pale ambapo msichana anaitwa.

Shangazi mkubwa akamleta Chepkemei katikati.

"Tumepata wageni. Wanasema wamekuja kwa ajili yako. Unawajua?"

Chepkemei akaangalia upande ule, mmoja mmoja, bila haraka.

"Huyu wa suti ya bluu namjua," akasema. "Na kama amekuja kuniomba, mimi nimekubali. Hawa wengine ndio mara ya kwanza nawaona. Naomba wajitambulishe. Aanze yule aliyesema turudi."

Shangazi wakavuta pumzi wote kwa pamoja. Kwa kawaida msichana hasemi hivyo. Baba yake akaangalia sakafu, lakini hakumkataza.

Mzee Kosgei akaegemea fimbo, akainuka, akavua kofia.

"Ni mimi, binti yangu. Naitwa Kosgei. Nilikosea."

"Karibu, baba," Chepkemei akasema.

Harusi ilikuwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Walimu hata kuoana wanangoja likizo.